Arubaini na Moja kwa Sabini na Tano

Mume wangu alikuwa mpishi wa wazungu huko Nyali kwa miaka kumi na moja. Katikati ya miaka ya themanini wazungu hao, mhandisi na mkewe, walifunga nyumba wakarudi kwao. Siku ya mwisho memsabu aliwaita wafanyakazi wake watatu sebuleni, akawaambia kila mmoja achague kitu kimoja cha kuondoka nacho. Mtunza bustani alichagua friji. Mlinzi alichagua godoro la springi. Mume wangu alichagua picha.

Sitaficha: mimi nilitaka friji. Nilikuwa nimemwambia wiki nzima, ukiulizwa, sema friji. Nilikwisha kuitengea mahali kando ya kabati la vyombo, na majirani wawili nilikwisha kuwaahidi barafu. Kisha nikamwona anakuja kwa miguu kutoka Nyali mpaka kwetu Mtopanga, jua la saa nane, amebeba kichwani kitu kipana kilichofungwa kwa kitambaa cha meza, watu wakimpisha njia kama aliyebeba sinia la pilau la harusi. Akakiteremsha, akakifungua, akakiegemeza ukutani.

"Na friji?" nikamuuliza.

"Friji kachukua mwenzangu wa bustani."

"Yeye si yuakaa Ziwa la Ng'ombe, nyumba haina umeme?"

"Ndiyo. Asema atatia nguo."

Na kweli alitia nguo. Mwaka uliofuata nilikwenda kumpa pole mkewe aliyekuwa mgonjwa, nikaona kwa macho yangu: mashati kwenye rafu za juu, na viatu pale chini pa kuwekea mboga.

Picha yenyewe ilikuwa na ukubwa wa mlango wa kabati. Ndani yake alikaa mtu mmoja juu ya kigoda, kifua wazi, kaptura ya mistari ya rangi ya machungwa, miguu yote miwili ndani ya beseni jekundu. Uso wake ulikuwa nusu waridi na nusu kijani, kama watu wawili walioshindwa kukubaliana juu ya kichwa kimoja. Kando yake kulikuwa na simu ya buluu, na sakafuni kabeji. Hakuna aliyejua kabeji imefuata nini pale. Popote uliposimama chumbani, yule mtu alikutazama. Chini, upande wa kulia, kulikuwa na jina la mchoraji kwa penseli, limeandikwa kwa haraka kama daktari aandikavyo dawa. Upande wa kushoto, kwa penseli hiyohiyo, iliandikwa 41/75.

Nilipomuuliza mume wangu kwa nini kaacha friji, alinijibu, "Nimempangusa vumbi huyu miaka kumi na moja. Nikimwacha, atapanguswa na nani?"

Mpaka leo silijui jibu lake.

Memsabu alikuwa amemweleza kwamba mchoraji ni mtu maarufu sana kwao Uingereza, mmoja wa wale walioanza kuchora vitu vya dukani, makopo na matangazo na midomo ya wanawake, wakavitia kwenye fremu na watu wakavitundika kwa heshima. Mume wangu hakuamini habari za umaarufu. Alikuwa ameshaona zile namba.

"Maarufu vipi na alama hizi?" alisema. "Arubaini na moja kwa sabini na tano."

Tulimwita jirani yetu, mtu wa bara aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, aje athibitishe. Alivaa miwani, akainama, akahesabu kwenye kiganja.

"Hamsini na nne kwa mia, na kitu," alisema. "Amepita. Lakini kwa shida. Na hii hapa kulia ni sahihi ya mwalimu aliyesahihisha. Mwandiko wa mtu aliyechoka."

Basi kwa miaka mingi hayo ndiyo yakawa mazungumzo ya nyumba yetu: yule mchoraji alipoteza wapi alama thelathini na nne? Jirani alishikilia kwamba ni uso. Mtu hawezi kuwa na rangi mbili, na mwalimu yeyote angempiga kalamu nyekundu hapo. Binti yetu alisema ni simu, kwa sababu haina waya. Mimi nilisema ni kabeji. Mume wangu alikataa katakata.

"Kabeji ndiyo iliyomwokoa," alisema. "Kabeji ile ni nzuri. Mimi nimekata kabeji maisha yangu yote, najua. Alama zimekatwa kwenye beseni. Tazama, maji hayatoi mvuke. Yameshapoa, naye bado kakaa."

Tuliitundika chumbani kwetu, mbele ya kitanda, kwa sababu sebuleni wageni walinung'unika. Kuna watu hawapendi picha ya kiumbe ndani ya nyumba, wanasema malaika hawaingii. Mume wangu alikuwa mtu wa kuswali, na jambo hilo lilimsumbua kidogo, lakini alisema malaika watakuwa na sababu nyingi zaidi za kutokuja Mtopanga kabla ya kufika kwenye picha.

Baada ya wazungu kuondoka alipata kazi kwenye jiko la hoteli moja ya ufukweni. Alisimama tangu alfajiri mpaka alasiri kwenye sakafu ya saruji, na miguu ikawa inavimba. Kila jioni alikaa kwenye kigoda chumbani, nikamletea beseni la maji ya moto yenye chumvi, akatumbukiza miguu na kushusha pumzi. Beseni letu lilikuwa la buluu. Mbele yake ukutani yule mwingine naye na lake jekundu. Walikaa wakitazamana, wanaume wawili wasio na la kuambiana, mpaka maji yakapoa. Mimi nilikunja nguo. Nikimkumbuka mume wangu sikumbuki maneno mengi. Nakumbuka hivyo alivyokaa.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, asubuhi, akifunga kamba za viatu kwenda kazini. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshafungwa. Alizikwa alasiri ileile. Sikupiga kelele, na wako waliosema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa nafikiria kile kiatu kingine.

Hapa lazima nieleze jambo moja ili linalofuata lieleweke. Mume wangu hakuwa na picha. Kwenye harusi za watu yeye alikuwa nyuma ya masufuria, na mpiga picha hafiki huko. Picha yake ya pekee ilikuwa ile ya kitambulisho, ndogo kama stempu, na kitambulisho hicho tulitakiwa kukirudisha serikalini ndipo tupewe cheti cha kifo. Binti yangu alimuuliza karani kama anaweza kukata ile picha tu akabaki nayo. Haiwezekani. Basi akarudi nyumbani na karatasi yenye jina la baba yake, na uso wa baba yake ukabaki kwenye droo ya ofisi.

Mimi nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mjane hukaa ndani, nguo zisizo na pambo, hajipaki manukato, na kwetu haonekani na mwanamume asiyekuwa wa damu yake au maharimu wake, yaani asiyeweza kumwoa. Mwanamke aliye katika hali hiyo tunamwita kizuka, na kizuka huwa na mtu mzima wa kumwangalia asikosee. Wangu alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Alivuka kutoka Likoni siku ya tatu na mkeka wake, birika lake na dawa yake ya mgongo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili.

Aliingia chumbani kwangu, akanikumbatia, akalia, akafuta macho. Kisha akamwona.

"Nani huyu?"

"Ni picha, wifi."

"Naona ni picha. Nauliza nani."

"Hatumjui. Mtu tu."

"Mtu tu!" Akajishika kiuno. "Kizuka yuko ndani, na mwanamume kifua wazi kamkabili kitandani, yuamtazama! Lo! Hata kaptura yenyewe fupi."

Nilimwambia yuko pale miaka, na ndugu yake ndiye aliyemtundika. Akasema ndugu yake wakati ule alikuwa hai na angeweza kumlinda mkewe. Sasa nani atamlinda? Nikasema yule mtu hawezi kutoka kwenye beseni. Akasema hilo yeye halijui wala mimi silijui.

Kwanza alimgeuza. Picha haikukubali kuning'inia ikiwa imegeuzwa, kwa sababu waya uko nyuma, kwa hiyo alimsimamisha sakafuni, uso kwa ukuta. Tulilala hivyo siku mbili. Siku ya tatu wifi akasema hapana, hapati usingizi, kwa sababu mtu akigeuka si kwamba kaondoka. "Yuko. Katupa mgongo tu, yuasikiliza."

Ikabidi afunikwe. Nikatoa leso yangu. Wifi akanipokonya leso mkononi.

"Wamfunika mwanamume kwa leso yako ya kiunoni? Eti ndiyo tuzidi kukukaribisha naye?"

Wakaja wanawake wa matanga, kila mmoja na rai yake. Mmoja akasema atumie leso yake yeye, kwa sababu mumewe yu hai na hana wivu. Mwingine akasema afunikwe kwa mkeka wa kuswalia, wakamzomea. Mwishowe aliwekewa gunia la unga, na gunia likaanza kumwaga vumbi jeupe chumbani kila tulipopita. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nikiwatazama. Nilikuwa na haja ya kucheka, na nilijua nikicheka yatasemwa mengine.

Usiku sikucheka. Nilitazama gunia nikajaribu kumkumbuka mume wangu alivyokaa, na nikaona kwamba bila ile picha mbele yake hakai vizuri. Magoti yanapotea. Nilishtuka jinsi mtu anavyoanza kuondoka mapema.

Kwenye mwezi wa pili wifi alirudi kutoka darasa la wanawake msikitini akiwa na uso wa mtu aliyepata dawa. Alikuwa amesikia kwamba picha ya kiumbe ikikatwa kichwa haina ubaya tena, huwa kama picha ya mti. Akafungua mkoba wake wa kushonea, akatoa mkasi.

"Tutamkata kichwa tu," alisema. "Mengine yote abaki nayo. Kabeji yake, simu yake. Hatumwonei."

Mimi ni mtu wa maneno machache, na mkubwa akisema mimi husema "abee" nikanyamaza. Siku ile nilishuka kitandani nikakaa chini mbele ya gunia. Nilikaa tu pale. Wifi alisimama na mkasi wake, binti yangu akasimama mlangoni, na gunia likanimwagia unga begani.

"Shangazi," binti yangu akasema polepole, "tumwite maalim. Aseme yeye."

Maalim wa chuo cha Kurani cha mtaa wetu alikuwa kijana aliyerejea kutoka masomoni si zamani, ndevu zake bado hazijakubaliana na mashavu. Alikuja baada ya swala ya alasiri. Wifi alimtolea picha barazani, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imetoka kumwagiwa maji, akaiweka juu ya kiti, kando ya kiti cha maalim. Mimi nilikaa ndani nyuma ya pazia la mlango. Binti yangu alileta kahawa, na kwa kuchanganyikiwa aliweka kikombe kimoja mbele ya maalim na kingine mbele ya picha. Kikombe hicho cha pili kilibaki pale mpaka mwisho.

Maalim alimtazama yule mtu muda mrefu.

"Mbona uso wake hivi?" aliuliza.

"Alipata alama hamsini na nne," binti yangu akamwambia.

"Nani?"

"Aliyemchora."

"Ahaa," alisema maalim, kama aliyeelewa.

Wifi alieleza kesi yote, tangu kugeuzwa mpaka gunia, na mkasi akauonyesha. Maalim akakuna ndevu zake chache. Akasema, "Wallahi, mama, hili sikusomeshwa." Nikampenda kwa kusema hivyo. Kisha akageuza uso kuelekea pazia, macho chini, akaniuliza mimi.

"Mama, nikuulize. Ukimtazama huyu, wamwona ni kitu tu, kama kabati au saa ya ukutani? Au wamwona ni mtu?"

Nilielewa anataka nini. Alikuwa ananifungulia mlango, maskini. Ningesema ni kitu, ni kama kabati, basi mkasi ungerudi mkobani na picha ingerudi ukutani. Neno moja tu. Binti yangu alikuwa ananikazia macho kupitia upenyo wa pazia, akiniashiria kwa kichwa niseme ni kitu.

Nikasema, "Namwona mtu, maalim. Namwona mume wangu."

Nilisikia wifi akivuta pumzi.

"Hafanani naye," nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na sikutaka kubakisha uongo wa nusu. "Mume wangu alikuwa mweusi na uso wake rangi moja. Lakini miguu yake ilikuwa inavimba, na kila jioni alikaa hivyo. Sina picha yake nyingine. Kichwa si chake, miguu ni yake. Mkikata, kateni, mimi siwezi kusema uongo. Lakini nikitazama pale naona mume wangu amekaa."

Jirani yetu mwalimu alikuwa amesimama kwenye ua wake akijidai anatazama kuku.

Maalim alifikiri mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayevuka mtaro kwa ubao mwembamba, "Basi si jambo la mkasi. Kama ni mtu baki, hafai kukaa na kizuka. Na kama ni mume, mama, naona haitakusaidia kumtazama kila siku na eda haijaisha. Lakini kama huyu ni mume wako, basi kwa dada hapa ni nduguye. Ni maharimu wake. Hakuna ubaya akikaa naye. Amchukue Likoni mpaka eda iishe."

"Mimi?" akasema wifi.

"Wewe, mama. Kwako ni halali kabisa."

Wifi alitazama mkasi, akatazama picha, akatazama kile kikombe cha pili. Alitaka kupinga, lakini angepinga nini? Angesema si ndugu yake, basi na mume wangu si yeye, ni kitu tu, na kesho yake kingerudi ukutani kwangu.

Aliondoka naye Ijumaa. Baadaye alinisimulia safari ile, na kila mara aliposimulia alikasirika upya. Kwenye feri alikaa kwenye benchi na picha mapajani, imefungwa kwa kitambaa kilekile cha meza cha memsabu, lakini upepo ukafunua upande mmoja. Mama mmoja akamuuliza kwa sauti ya huruma, "Huyo ndiye marehemu?" Wifi alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na maelezo ni marefu. Akajibu, "Ndiye." Basi benchi zima likampa pole. Mzee mmoja akamtazama yule mtu wa kijani na waridi, akatikisa kichwa akasema maradhi siku hizi ni mengi.

"Nimepokea pole kutoka huku mpaka ng'ambo," wifi alisema. "Pole za mzungu!"

Hazikuwa za mzungu, lakini sikumsahihisha.

Picha ikiwa Likoni, ilikuja barua. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia memsabu, sijui kwa njia gani, naye aliandika kwa sanduku la posta la jirani yetu mwalimu, ambalo mume wangu alizoea kulitumia. Jirani aliileta mwenyewe. Alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia, na binti yangu akatusomea na kutufasiria.

Memsabu alisema anasikitika sana. Alisema kwamba hakuna aliyewahi kumpikia samaki kama mume wangu. Kisha akauliza kuhusu picha, kama bado tunayo, na akaeleza jinsi zinavyofanywa. Mchoraji huchora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, bamba likatiwa kwenye tindikali ikala ile michoro, kisha likapakwa rangi na kukandamizwa juu ya karatasi kwa mashine. Ndiyo sababu kwenye karatasi kuna alama ya kubonyea kuzunguka picha. Alifanya nakala sabini na tano tu, akaziandika namba kwa mkono wake mwenyewe, na yetu ilikuwa ya arubaini na moja. Baada ya hapo bamba lilikwaruzwa makusudi, ili isitoke nyingine tena.

Binti yangu alikunja barua. Jirani yetu alivua miwani.

"Kwa hiyo zile si alama," alisema.

"Si alama, mwalimu."

"Na ile sahihi?"

"Ni yake mwenyewe."

"Hakusahihishwa kabisa?" Aliuliza kama mtu aliyeibiwa. "Miaka yote hii mtu huyo hajasahihishwa?" Akaondoka bila kunywa chai, na wiki nzima hakusimama kwenye ua wake.

Wifi alipokuja Jumamosi tukampa habari, naye akashikwa na jambo jingine.

"Wasema wako wangapi?"

"Sabini na tano."

"Toa wetu."

"Sabini na nne."

"Wanaume sabini na nne," alisema wifi, "wamekaa kwenye majumba ya watu, kifua wazi, miguu majini. Na wake zao je?"

Mimi nilikuwa nafikiria lile bamba. Nilijaribu kumwona mtu anayelikwaruza, kama alilitazama kwanza au alilikwaruza tu. Nilitaka kumuuliza memsabu hilo, lakini sikujua litaulizwaje katika barua ya shukrani. Nikamwambia binti yangu aandike kwamba picha ipo, iko kwa ndugu zake.

Eda ilipoisha nilioga, nikavaa, na siku ya pili yake nikavuka na binti yangu kwenda kuchukua picha yangu. Nilikuwa na wasiwasi. Wifi alikuwa amekuja kuniona mara nyingi miezi ile na hakutaja mkasi tena, lakini hakutaja picha pia, na nikimuuliza alisema "yuko" akageuza maneno.

Nilibisha hodi. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu. Eda imekunenepesha."

Alikuwa amemtundika kwenye ukumbi wa nyuma, juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo yeye mwenyewe hukaa kuchambua mchele. Kichwa hakikuwa kimekatwa. Juu ya kioo, mahali pa uso, alibandika karatasi kwa uji wa unga. Lakini ilikuwa karatasi ya gazeti, na kwa kuharakisha hakutazama: kwenye gazeti lenyewe kulikuwa na kichwa cha mgombea mmoja wa ubunge, na kichwa hicho kiliangukia palepale kilipofaa. Kwa hiyo sasa alikuwa mheshimiwa mwenye tai, kifua wazi, ameweka miguu kwenye beseni.

"Majirani wasema atashinda," alisema wifi, bila kucheka.

Tulikaa chini. Akanipa chai. Nikamwambia nimekuja kumchukua.

Akachambua mchele kidogo. Kisha akasema, "Utotoni alikuwa yuakwenda mashuani kwa miguu mitupu, akirudi imechanika na chumvi. Mimi nikimwosha kwenye karai, yeye alia. Huyu kakaa hivyo hivyo. Mabega hivyo." Akatupa kijiwe cha mchele uani. "Uso wa nini? Uso niliufunika. Miguu ni ya ndugu yangu."

"Najua, wifi."

"Niachie."

Ningesema "abee". Maisha yangu yote nilisema "abee" kwa mwanamke yule. Nikasema, "Sitaki kukuachia."

"Najua hutaki. Na mimi sitaki kukupa."

Binti yangu akatazama kikombe chake. Tulikunywa chai sote watatu, na mheshimiwa juu yetu. Kisha wifi, ambaye alipenda mambo yawe na hukumu, akatoa hukumu: miezi minne na siku kumi kwake, miezi minne na siku kumi kwangu. Nilimuuliza kwa nini muda huo. Akasema huo ndio muda ambao ameuzoea, na kwamba zamu yangu inaanza sasa, nimchukue kabla hajabadilisha nia.

Tulifanya hivyo miaka saba. Mume wangu, ambaye akiwa hai hakupenda safari, alivuka feri mara nyingi kuliko makarani wa bandarini. Kila aliporudi kwangu alikuwa na karatasi mpya usoni, kwa kuwa kwake wifi hakukubali uso uonekane: karatasi ya majani ya chai, ukurasa wa kalenda, mara moja tangazo la sabuni lenye mwanamke anayecheka. Mimi nililowesha kitambaa kwa maji ya moto na chumvi, uji ukalainika, nikakwangua kwa kiwembe mpaka uso wa kijani na waridi ukatokea tena. Jirani yetu mwalimu, ambaye mwishowe alitusamehe, alikuja kushuhudia. Alikuwa ameamua kwamba kama mchoraji hakusahihishwa, basi atamsahihisha yeye. Alimpa sitini kwa mia. Alisema kabeji inastahili.

Wifi yangu alifariki zamu ikiwa yake. Nilipofika Likoni kwa maziko, picha ilikuwa mahali pake juu ya mtungi, na usoni kulikuwa na kipande cha karatasi ya kaki ya mfuko wa sukari, kisicho na maandishi wala sura ya mtu. Watoto wake walinifungia picha wenyewe kwa kitambaa cha meza bila kuniuliza kitu.

Karatasi hiyo sijaibandua. Iko hapohapo mpaka leo, chumbani kwangu, mbele ya kitanda. Ijumaa huchota maji ya moto, nikatia chumvi, nikapangusa kioo chote isipokuwa hapo. Huanzia miguuni.